Kipande cha Bati Chini ya Sensa

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na tanuri lako la mikate linawaka vizuri. Mimi sijambo. Meno yamebaki manne, lakini yanaelewana.

Pokea kwanza habari njema: gari lako la mikate limepona. Ugonjwa wake nimeugundua mimi mwenyewe, kwa sikio tu, dakika moja, mikono mfukoni.

Haya, usicheke. Nimekudanganya. Aliyeugundua ni Fundi Umeme, yule mama wa gereji ya jirani anayeniita Babu Nyundo, eti kwa sababu kila ugonjwa dawa yangu ni kugonga. Nilimwita baada ya siku tatu za kulizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Unajua lilivyokuwa: asubuhi linawaka bila shida, likipata moto linazima ghafla barabarani, likipoa linawaka tena kama halikufanya kitu. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha pampu ya petroli, nikalitukana. Likazima vilevile.

Yule mama hakugusa hata spana. Alichomeka mashine yake ndogo, akasema tuliache lingurume mpaka lipate moto, akaanza kula ndizi zangu. Lilipozima akaniamuru nipige starta. Injini ikazunguka, lakini mshale wa mzunguko kwenye mashine yake ukalala kwenye sifuri. Akanieleza, kama anavyoelezwa mtoto wa chekechea, kwamba injini inazunguka ila kompyuta ya gari haina habari, kwa hiyo haitoi cheche wala petroli. Mpeleka habari ni sensa ya krenki, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachohesabu meno ya gurudumu la injini yanavyopita. Nikamwambia hata mimi najua kuhesabu meno. Akasema kwa manne hiyo si kazi.

Alipima nyaya, akazikuta nzima. Akaingia chini ya gari, akaifungua sensa, akatoka nayo pamoja na kipande cha bati kilichokuwa chini yake. Akauliza ni punguani gani aliyeinyanyua mbali na meno, maana ikipata moto inadhoofika, na kwa umbali ule haioni kitu. Nikafungua mdomo niwalaani mafundi wa siku hizi. Ndipo nikaliona lile bati vizuri. Lina rangi ya bluu na nusu ya kichwa cha ng'ombe. Ni kopo langu la maziwa, mdogo wangu. Nililikata kwa mkasi wangu siku ile nilipokubadilishia klachi, maana nilisikia kitu kinakwaruza nikadhani ni sensa inagusa meno.

Nilikaa juu ya tairi, mdomo wazi, mpaka yule mama akaniuliza kama aite daktari. Nilikuwa nimemkumbuka Kobe.

Dereva wako uliyekuwa naye miaka kumi na moja, anayeendesha taratibu mikate isipondeke! Nilikwambia ananyonya petroli yako na kujazia maji, ndiyo maana gari linazima. Uliponiuliza kama nina hakika, nikaapa nimemwona kwa macho yangu, na mpira mdomoni. Ukamfukuza mbele ya waokaji wote. Sasa ukitaka kurusha sahani, ngoja nimalize: sikumwona. Sikuona mpira, sikuona dumu. Gari lilikuwa limenishinda, wewe umesimama unaniangalia, nami nikashika jina la kwanza lililokuja mdomoni. Mpaka leo nikifikiria nilivyoapa bila kupepesa jicho, najiogopa.

Jana nilikwenda kwake kuomba radhi. Mkewe alinichungulia dirishani akasema hayupo. Viatu vya Kobe vilikuwa mlangoni.

Wasalimie wote hapo tanurini. Waambie nitakuja kuyasema haya mbele yao, na wanicheke washibe. Kumrudisha Kobe kazini ni juu yako, lakini nakuomba umrudishe.

Tena, una deni langu. Ulipovunja kioo cha baba nikasema ni mimi, nikala viboko sita, uliahidi siku moja utanifaa. Basi kesho kutwa asubuhi nitakupitia na gari, twende wote kwa Kobe. Ubishe hodi wewe, maana wewe atakufungulia. Kusema nitasema mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Babu Nyundo