Majani ya Furaha kule Kibabi

Mama mupenzi,

Huku Kibabi mvua iko mingi, na mimi nimeisha ona haya. Asubuhi nilikamata jembe nisafishe shamba ya Furaha, muke wa kaka, vile ulitufundisha Butembo: mistari sawa, hakuna jani. Akanikimbilia: "Dada, acha! Ile majani njo inatufichia chakula!" Kumbe chini ya migomba viazi na maharagwe vinafunikwa na majani. Udongo unabaki na maji, na watu wa bunduki wanaona pori tu. Kilima muzima wanalima vile.

Saa sita wale wa bunduki wakapita kweli. Mukubwa wao akatukaripia: "Wanamuke wavivu! Mutakufa njaa!" Akavuta jani moja atuonyeshe namna ya kulima. Jani ikakatika, kiazi ikabaki chini. Furaha akainamisha kichwa: "Aksanti, papa, tutajikaza."

Mangaribi tulianza kula na ile kiazi yule mukubwa aliacha chini. Iko tamu, Mama!

Kule kwako, nyuma ya nyumba, using'oe jani hata moja mpaka nifike. Nakukumbatia sana.

Binti yako muvivu,
Kavira