Maji ya Abiria

Kwa kaka yangu mpendwa Akhmoudan,

Salamu zangu zikukute huko Arlit ukiwa umesimama kwa miguu yako. Habari za joto? Habari za uchovu? Kifua chako na vumbi la mgodi vimepatana, au bado vinagombana? Na wifi yangu Raichatou, je, anapata walau lepe la usingizi baada ya habari za mwanawe? Sisi huku Agadez tunapumua, na mwezi huu wa Aprili kupumua kwenyewe ni kazi.

Ujumbe wako wa simu nimeusikiliza wote, pamoja na matusi. Umesema unashuka na bunduki kuwamaliza waliomvunja mwanao Aghali, nami nikuwekee majina yao tayari. Kila nikikupigia nikueleze, unakata. Ndiyo maana nimemkabidhi barua hii dereva wa basi. Tafadhali isome hadi mwisho kabla hujawasha gari.

Mji wetu unaujua ulivyo wakati wa kiangazi, lakini mwaka huu umezidi. Bomba la mtaa limekauka tangu kabla ya Ramadhani; likikohoa hutoa upepo na mchanga. Muuza maji sasa anatembea na punda wake huku ameshika rungu, kwa sababu wanawake wamepasuana vichwa kwa michi ya kinu wakigombea zamu, na mmoja wao ni jirani yangu Ghaicha, ambaye hajawahi kumkemea hata mbuzi. Wazungu walipokuwa wakija kupiga picha walituambia jangwa lina utulivu. Utulivu gani? Upepo unakwangua kuta za nyumba, jua linapasua midomo, jirani anampasua jirani, na matajiri wa magari ya kuvusha wahamiaji kwenda Libya wana visima vyenye pampu nyuma ya mageti ya chuma.

Katika hali hiyo mwanao aliingia kwangu asubuhi moja, mapema mno kwa mtu aliyekwenda mpaka wa Libya. Ile pikapu uliyomnunulia ilikuwa haina abiria hata mmoja. Ila madumu yao ya maji yalikuwa bado yananing'inia ubavuni, yameshonewa magunia, kila dumu lina jina la mwenyewe kwa rangi. Nikamwuliza abiria wake wanakunywa nini. Akacheka. "Shangazi, nyie wanawake wa kihunzi, washona ngozi, mna maswali kuliko polisi! Nimewakabidhi kwa dereva mwenzangu mwenye mapipa. Chukua maji uoge, unanuka ngozi."

Nami nikacheka, Kaka. Nikayachukua. Nilipikia uji wa uwele, nililowekea ngozi za mito ninayoshona, tukanywa chai glasi zote tatu za desturi, na Ghaicha nikampa dumu zima. Mji wenye kiu hauulizi mara mbili.

Alhamisi adhuhuri wafugaji wa ngamia walimshusha sokoni kijana wa Gambia anayeitwa Lamin. Ulimi wake ulikuwa umevimba hata mdomo haufungi. Alipopata sauti alieleza kwamba Aghali aliona vumbi la gari la doria, akawaamuru washuke wajifiche nyuma ya miamba, akawaahidi kuzunguka na kurudi. Hakurudi. Lamin na wenzake wawili walitembea kutafuta msaada, wale wawili wakaanguka njiani. Wengine aliwaacha kwenye miamba, na alipowaacha walikuwa hai. Miamba ipi? Hajui. Mtu aliyekulia kando ya mto atajuaje miamba ya jangwani kwetu?

Ndugu zake wa Gambia wanaosubiri safari katika yale maboma ya uwanja wa magari walikuja kwangu na nondo na mawe. Wakati huo Aghali alikuwa amelala chali chini ya rundo la ngozi zangu. Majirani walitanda mlangoni. Unaijua desturi: mlango wa mhunzi hauvunjwi, hata zama za mavamizi haukuvunjwa, maana sisi wa ukoo wa wahunzi ndio tuliopeleka maneno baina ya maadui. "Piteni kwingine kokote, hapa hapana!" walikuwa wakipiga kelele. Jiwe likamng'oa Ghaicha meno mawili. Mumewe akamshindilia mchi kijana mmoja shingoni, akaanguka akitapika damu kwenye kizingiti changu.

Ndani nilimwambia Aghali ataje mahali. Akasema, "Shangazi, nyamaza tu. Jua litawachosha, wataondoka." Nikamwuliza, na walioko miambani? Akasema, "Wale wameshakwisha. Nikitaja, jela inaningoja, na tajiri anayenipa abiria atanichinja." Nilimpiga kwa jiwe la kulainishia ngozi. Nilimpiga mpaka uso ukabadilika, akaendelea kunyamaza, kwa sababu alijua huu mlango utamlinda.

Hapo ndipo niliposikia uchungu wa yale maji tumboni. Usiniambie jangwa ndilo linaloua, Akhmoudan. Jangwa halishiki usukani. Mji huu wote unawala watu hawa: mmoja anawauzia miwani ya vumbi, mwingine unga wa muhogo, askari anachukua chake kizuizini, wewe ulinunua gari, na mimi niliwashonea vifuko vya hirizi vya kuwafikisha salama. Kisha tunajifunga vilemba mpaka machoni na kujiita waungwana.

Umeambiwa mlango ulivunjwa. Ukija utauona mzima, bawaba zake zote zipo. Niliufungua mimi. Niliwaambia wale vijana: mikono sawa, miguu sawa, lakini ulimi muuache, tunauhitaji. Nikasimama palepale nikitazama. Waliuvunja mkono wa kulia, wakalitoboa jicho moja, na walipoushika mkono wa pili mwanao akataja mahali. Ningeweza kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Nililia baadaye.

Lamin na askari waliondoka na pikapu yako saa ileile. Wengi waliwakuta wamekauka, wamekumbatiana kivulini. Wachache walikuwa wanapumua. Aghali yuko hospitali, ana askari mlangoni, ataishi. Ananiita mchawi, nami bado nampelekea uji kila asubuhi, naye anaunywa.

Kwa hiyo ukitaka jina, andika langu. Utanikuta nyumbani, siendi popote.

Ila sipo peke yangu. Hapa kwangu, katika chumba cha Aghali, amelala mmoja wa wale waliopatikana, mwanamke ambaye hakuna anayeijua lugha yake. Akisikia gari linawashwa au linaondoka, anajivuta sakafuni mpaka uani na kukumbatia mtungi wa maji, na kumwachisha ni kazi ya nusu siku. Tafadhali, Kaka, simamisha gari kule msikitini. Bunduki iache humo. Njoo kwa miguu.

Mpe wifi salamu zangu, hata kama hatazipokea, na unibusie wale wadogo. Mungu akufikishe salama.

Mimi mdogo wako,
Tekhya