Ua wa Lantana Kolo

Mama, shikamoo. Huku Kolo mvua imekubali, na shangazi ananishindilia ugali wa mtama kwa mlenda mpaka kanga haifungi.

Niko kwenye kilima kilekile watu wa misitu walikokufukuza wewe na mbuzi wako, wakidai mnamaliza msitu. Kiangazi chote sisi vibarua tuling'oa lantana humo, lile gugu la kigeni lenye miiba, ili miti ya asili irudi. Lakini sisi Warangi hatutupi miiba ovyo, huijengea ua! Mnyapara akatuambia tuizungushie hifadhi iwe ua wa kuzuia mifugo, nasi tukaiburuta na vitunda vyake, tukicheka.

Sasa mbegu zimeota mpaka katikati ya msitu, na ua wenyewe umeshika mizizi na kutoa maua. Jana nilimwomba bwana misitu tuung'oe. Akanifokea, "Thubutu! Huo ni ua wa serikali. Ukiugusa nakupeleka kituoni."

Mbuzi wako hawakupata mtetezi kama huyo.

Kadi hii ina picha ya tembo kwa sababu dukani hawauzi ya lantana. Kunywa dawa zako, mama yangu, na ukipishana na mbuzi yeyote hapo Miyuji, mpe pole yangu.

Mwanao, Hadija