Maji Yamerudi Nikiwa kwa Mtendaji

Feliksi, usicheke kwanza. Maji yamerudi leo hapa Kasingirima, na mimi nilikuwa kwa mtendaji nafoka kwamba hayarudi.

Si unajua tunavyoacha bomba wazi likikauka, ili tuyasikie yakija. Nikatoka bila kulifunga. Ndoo ikajaa, maji yakapita chini ya mlango hadi chumba cha jirani, kwa Bi Zaitun. Magunia yake ya dagaa yalikuwa sakafuni, yanasubiri mnunuzi wa kesho.

Nikamwambia mwenye nyumba, wa kulaumiwa ni watu wa maji. Toka mwaka juzi nasema hawana ratiba.

Bi Zaitun akaniangalia. "Watu wa maji wameleta maji, mwanangu. Si ndicho ulichodai?"

Si ndicho ulichodai. Mbele ya wapangaji wote niliowahamasisha mwenyewe kudai maji.

Mwenye nyumba kaamua, bomba langu, hasara yangu. Dagaa wasipokauka leo, nahama.

Sasa niko uani nawaanika upya, nafukuza kunguru. Kila mpangaji akipita, "Kamanda, maji yanatoka?"

Nawajibu yanatoka.

Wewe uko Bangwe, unaona ziwa vizuri. Hebu niambie, lile wingu la mvua linakuja huku?