Fomu ya Bima ya Baba

Alhamisi, Machi 1991

Kutoka Nyalenda mpaka Sondu hakuna kijana anayenishinda Kiingereza cha fomu, hata walimu walionifukuza wanajua. Ndiyo maana Baba, ambaye hakusoma, alinipa mimi fomu yake ya bima ya maisha nimjazie.

Leo, wiki ya tatu tangu tumzike, wakala wa bima alikuja, tai yake fupi kama ulimi wa mbuzi. Mama na mama mdogo, mke wa pili wa Baba, walikaa benchi moja. Bwana huyo akaeleza polepole: michango ililipwa yote, madai hayana shida, na kampuni humlipa aliyeandikwa tu.

“Ameandikwa nani?” mama mdogo akauliza.

“Mama, karatasi inasema mke wa kwanza peke yake.”

Mama mdogo akanigeukia. “Omondi, wewe ndiye uliandika. Kweli baba yako alitusahau, mimi na hawa watoto watano?”

“Mama, mimi nilikuwa kalamu tu.”

Utani wangu haukumchekesha mtu. Mama mdogo alibeba mtoto mgongoni, akatoka bila kuaga.

Baba hakusahau mtu. Alinitajia majina mawili. Niliandika la mama yangu tu, kisha nikamshika Baba kidole gumba, nikakibonyeza kwenye wino.