Ng'ombe Wasitoke Jumamosi

Musoma,
Jumanne, 8 Septemba 1992

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kifua cha Mama kimepata nafuu. Sisi huku wazima, ila mkono wangu wa kushoto ungali na bandeji. Barua nimempa Mihayo kwa sababu anakuja Suguti kesho, nami siwezi kungoja posta. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Habari za ajali unazo. Nilitoka Butiama na magunia ya makopa ya muhogo, na pale Manyamanyama breki zikagoma, nikamgonga Bernado muuza samaki na baiskeli yake, kisha nikavaa mti. Jana nilikwenda Bunda kumwona hospitalini. Mguu umefungwa plasta, naye alinipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Bima itamlipa, polisi wamekwisha kujaza fomu zao. Pikapu letu fundi alilitazama, akafunga boneti taratibu, akasema tuuze vyuma.

Werema mdogo wangu alipita hapa Jumapili. Anasema umewaambia wazazi wa mchumba wake Ursula kwamba bima italeta gari jingine, kwa hiyo Jumamosi ng'ombe wote waliobaki zizini wapelekwe mahari, na ninyi mtaishi kwa kazi ya gari. Baba, hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Nikueleze bima ilivyo, maana sikukueleza. Ziko mbili. Moja ni ya lazima, bila hiyo trafiki hawakuachii. Inamlipa uliyemgonga, si gari lako. Nyingine wanaiita bima kubwa, nayo ni hiari. Hiyo ndiyo inayolipa hata gari lako likivunjika, likiungua au likiibwa. Ndiyo uliyonituma nikate. Stika ya kiooni haionyeshi tofauti, ndiyo sababu ulipoiona uliridhika.

Mimi nilikata ile ya lazima tu.

Bwana Boniphace, wakala wa bima, alinitaka niandike kwenye fomu thamani ya gari. Umetufundisha tangu utotoni kwamba idadi ya ng'ombe haitajwi mbele ya mgeni, na gari lile lilikuwa ng'ombe wako uliowauza kulinunua. Kalamu ikanishinda. Akacheka, akasema wengi wanakataga hiyo ya lazima na maisha yanaendelea.

Ningeishia hapo ungenisamehe, ila hiyo ni nusu ya ukweli. Pesa iliyobaki nilinunulia ile redio kaseti ya garini, uliyokuwa ukifungulia kwaya huku ukinisifu kuwa najua maisha. Nilikuona unafurahi, nikanyamaza. Naona aibu kubwa.

Gari jingine haliji, Baba. Nakuomba usiruhusu ng'ombe watoke. Ijumaa nitakuja niwaambie wakwe mwenyewe kwamba kosa ni langu, na Werema akitaka kunipiga anipige.

Msalimie sana Mama, na shangazi Wegesa. Mihayo atakukabidhi pia kifurushi. Ni ile redio. Haikupata hata mkwaruzo.

Ni mimi mwanao,
Magesa