Mfuniko wa Chantal na Foto ya London

Juru, Nakivale
Tarehe 9 Machi 2014

Mpendwa binti yangu Ikirezi,

Nakusalimu katika jina la Bwana, mimi shangazi yako Nyirakamana. Niko mzima, ila mgongo unanigombeza kila ninapoinama. Wewe je? Kile kifua kimepona? Baridi ya London imepunguza ukali? Tunasikia huko mnavaa nguo juu ya nguo mpaka haijulikani kama mtu ni mnene au ni koti. Baba yako Natanaeli hajambo, mama yako hajambo. Bibi anakula na anagombana na kila mtu, basi ujue yuko salama.

Simu inatukata maneno katikati, na mimi nina mambo mengi, ndiyo sababu nimekaa chini na kalamu. Pasta Bonaventure anashuka Kampala juma hili, ataitia posta.

Mdogo wako Chantal ameolewa Jumamosi iliyopita. Mungu ashukuriwe, na wewe pia ushukuriwe, kwa maana bila wewe sijui tungemtoa namna gani.

Unajua desturi ya kwetu. Binti anatoka nyumbani na chombo cha maziwa, na mfuniko wake husukwa na shangazi, kwa mistari ya nyumba yao. Shangazi ndiye mimi. Lakini mifuniko yetu yote ilibaki milimani siku ile tulipokimbia, na mimi nilikuwa mtu wa ndama, si mtu wa kusuka. Mistari nilikuwa ninaikumbuka kwa mbali tu.

Nilisuka hata hivyo. Nikimaliza, Bibi anapitisha kidole, anasema "Siyo," halafu anaufumua wote mbele yangu. Nasuka mwingine, anafumua. Nikimuuliza siyo wapi, hawezi kueleza, maana mikono yake ndiyo iliyokuwa inajua, na mikono yenyewe sasa inatetemeka. Nilimkasirikia, sikufichi. Chantal naye akachoka, akasema basi ataenda na termosi. Termosi, Ikirezi! Bibi alilia siku ile, na mimi nikaenda kulia nyuma ya nyumba wasinione.

Ndipo barua yako ikafika, ile ya kwamba siku yako ya kupumzika unaingia katika nyumba za makumbusho kwa sababu ni bure na ndani kuna joto. Hapa hawakuamini. Bure tunayoijua sisi wakimbizi ni ya posho, kupanga mstari tangu alfajiri, kadi mkononi, na kidole kutiwa wino. Mama yako aliniuliza ulionyesha kadi gani. Nikamwambia unaingia tu kama kanisani, unatazama, unatoka, hakuna anayekuuliza kitu. Jirani yetu mzee Rwakabuba mpaka leo anasema ngoja tu, iko siku watakuja kudai.

Na foto nayo ikaingia katika simu ya Laurent, yule anayechaji simu za watu pale butike. Chombo cha mti, shingo ndefu, mfuniko wenye ncha, kiko nyuma ya kioo. Ulisema hukuwa na hakika kama ni cha kwetu au cha majirani zetu, lakini miguu ilikataa kuondoka. Tena ukaomba radhi kwamba mwezi huu huna kitu cha kutuma, ni foto tu.

Bibi alipewa simu, akaisogeza karibu na macho. Halafu akaomba siagi. Tukadhani ni njaa. Kumbe alichovya kidole akaanza kuipaka simu ya Laurent, pale pale kwenye kioo, anasugua polepole na kuuliza ni nani amekiacha chombo kikavu hivi, kitapasuka. Laurent alishika kichwa. Mimi kicheko kilikuwa kimenifika kooni, lakini nikauona uso wa Bibi, kikarudi. Alikuwa anamwita mama yake. Simu ingali inafanya kazi, ila Laurent anasema inanuka zizi, na bado ananidai pole.

Nikapanda gari la Mbarara na maharagwe yangu, na kadi ya simu ya Laurent yenye ile foto, nikauza pale Kakoba, nikaingia studio kuomba foto ikuzwe. Kijana wa pale akaitoa kubwa kama karatasi ya kalenda. Nilisimama mlangoni kwake nikaona. Mistari myeusi ya kwetu haikutani! Inapanda, inakaribiana, kisha kila mmoja unashika njia yake. Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa ninaikutanisha kileleni, eti nipendezeshe. Hapo nilijicheka peke yangu barabarani, bodaboda wakanipisha.

Baba yako mdogo Musoni, anayechunga ng'ombe za watu kule Endiinzi, akaniletea nyasi nzuri. Nikasuka. Nilipompa Bibi, kidole kilizunguka, kikarudi, kikazunguka tena. Hakufumua. Aliuweka mapajani, akaufunika na kitenge chake, akaniambia niende nikapike, watu wana njaa.

Siku ya arusi, mama mkwe aliyetoka Ngarama alikipokea chombo kwa mikono miwili, akatazama mfuniko, akauliza hii ni mistari ya nyumba ya nani. Chantal akalitaja jina la Bibi, Nyirabizimana, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, wala hakuinamisha kichwa. Ningetamani uwepo uone. Kwa hiyo binti yangu, usiniandikie tena maneno ya "foto tu". Aksanti sana, aksanti tena. Umemvika mdogo wako kuliko nguo zote.

Baba na mama yako wanakusalimu, Musoni anakusalimu, Chantal na mume wake Kabera wanakusalimu. Laurent pia, ingawa amenuna.

Nilikuwa ninataka kufunga hapa, Bibi amenizuia. Nilimsomea barua yako tena, pale ulipoandika kwamba ulisimama mbele ya kile chombo muda mrefu, mpaka mlinzi akaja kukuuliza kama uko salama, ukaona haya ukaondoka. Neno hilo limemsumbua. Ameniuliza kama hakuna kiti mle ndani. Nikamwambia umeandika kwamba benchi liko, mbele yake kabisa, na halina malipo. Basi amenishika mkono niandike alivyosema:

"Mwambie arudi, na safari hii akae. Penye maziwa ya kwetu, anayesimama ni mgeni. Mlinzi akimuuliza, amjibu kwamba yuko kwao."

Bwana akulinde uingiapo na utokapo.

Ni mimi, shangazi yako asiyechoka kukupenda,
Nyirakamana